Mwezi Mpevu na Barua ya Kujieleza

Barua ile niliipokea Jumatatu, tarehe 4 Septemba 2023, saa nne asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, miguu bado ina mchanga. Mhudumu wa ofisi alinipa kwanza daftari la kusaini, ndipo akanikabidhi bahasha. Wanaofanya kazi serikalini wanajua kwamba daftari lile linatisha kuliko barua yenyewe, maana ukishasaini siku zinaanza kuhesabika. Ndani kulikuwa na karatasi moja. "Yah: Kutakiwa kutoa maelezo kuhusu kushuka kwa mapato ya uvuvi." Nilipewa siku saba. Mstari wa mwisho ulisema kwamba maelezo yasiporidhisha, hatua za kinidhamu zitafuata.

Mimi ni afisa uvuvi katika halmashauri moja ya mkoa wa Kigoma. Nimezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, baba yangu alivua dagaa tangu enzi za karabai, na siku ile nilikuwa na mwaka wa sita kazini. Sikuwahi kupata hata onyo la mdomo. Nilikaa kwenye benchi lililo chini ya mwembe nje ya ofisi, nikaisoma barua mara tatu, na kila niliporudia nilizidi kuamini jambo moja: huyu bwana amekuja kunimaliza.

Huyu bwana alikuwa mkuu wetu mpya wa idara. Alifika Julai, mwanzo wa mwaka wa fedha, akitokea mikoa ya kati, kule ambako dagaa wanafika sokoni wakiwa wakavu ndani ya gunia. Taaluma yake ni mifugo. Ng'ombe anamjua kwa kumtazama tu anavyotembea, hilo nililishuhudia baadaye. Lakini idara ni ya kilimo, mifugo na uvuvi kwa pamoja, na kwetu mwalo ndio unaochangia fedha nyingi kuliko mnada na mazao. Kwa hiyo macho yake yalianzia kwangu.

Niwaeleze Agosti ile ilivyokuwa, maana kisa chote kimejengwa juu yake.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi inatoka jioni, inafika kwenye kina, taa zinawashwa, dagaa wanaufuata mwanga na kukusanyika chini yake, halafu wavu unainuliwa. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi inakosa nguvu ya kuwaita dagaa, nao wanatawanyika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku saba hadi kumi hivi ambazo wavuvi wa dagaa wanapumzika. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanakwenda mashambani, wanaoza watoto wao. Hata mtoto wa Ujiji au Kibirizi ambaye hajaanza shule anajua maana ya mbalamwezi, kwa sababu ndizo siku ambazo sufuria nyumbani inabadilika.

Sasa Agosti 2023 ilikuja na jambo lisilotokea kila mwaka: mwezi ulikuwa mpevu tarehe 1, ukawa mpevu tena tarehe 31. Mbalamwezi ilikaa mwanzo na mwisho wa mwezi mmoja. Wiki ya kwanza ushuru ukashuka vibaya. Mkuu akaniita mimi na wakusanya ushuru wawili, akatufokea kwa nusu saa. Katikati ya mwezi giza likarudi, dagaa wakajaa, makusanyo yakapanda kuliko wiki zote alizopata kuziona. Akatupongeza kwenye kundi la WhatsApp la idara, na watu wakampigia makofi ya vidole. Wiki ya mwisho mbalamwezi ikaingia tena, fedha zikashuka.

Hebu itazame hesabu hiyo kwa macho ya mtu asiyejua habari za mwezi. Alipofoka, fedha ziliongezeka. Aliponyamaza, zikapungua. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema kuna mikono inayochota, na kwamba mikono hiyo inaogopa kelele.

Leo naweza kuiandika hivyo kwa utulivu. Siku ile sikuweza. Niliona mgeni aliyekuja kuniita mwizi katika kijiji nilichozaliwa.

Usiku huo niliandika majibu ya kurasa mbili. Nilieleza miaka yangu sita, nikaeleza jinsi nilivyokusanya ushuru mwaka ambao maji ya ziwa yalipanda na kumeza sehemu ya mwalo, nikaeleza jina la familia yangu. Kesho yake niliyapeleka masijala yapigwe muhuri. Mama wa masijala ni mtu mzima, alibakiza miaka miwili astaafu, na amepitisha mikononi mwake barua za kujieleza kuliko anavyoweza kuzikumbuka. Kazi yake haikuwa kuzisoma. Aliisoma yangu yote akiwa amesimama, miwani imeshuka puani. Kisha akaweka kidole chini ya maneno fulani kwenye ukurasa wa pili.

"Mwanangu, soma hapa."

Nikasoma: "Kushuka huko, kama inavyofahamika, kulitokana na mbalamwezi."

"Inafahamika na nani?" akauliza.

Sikujibu.

"Kurasa mbili umemweleza wewe ni nani. Alichokuuliza umekiweka kwenye mstari mmoja, na mstari wenyewe unamwambia kwamba ni mjinga. Kaandike nyingine. Siku bado zipo."

Nilichukia kwa muda kama wa saa nzima hivi. Lakini maneno yale, kama inavyofahamika, hayakunitoka kichwani. Ni mimi niliyeyaandika bila kufikiri, na ndani yake ulikuwepo uhusiano wangu wote na mkuu wangu tangu Julai. Nilijua jambo linaloendesha namba zote anazozisoma. Nilimwona anahangaika nazo. Nikakaa kimya, nikisubiri ajue mwenyewe, na moyoni nikawa namhukumu kwa kutokujua.

Majibu ya pili yalikuwa nusu ukurasa. Niliambatanisha karatasi moja tu. Kwa usiku mbili nilikaa na ripoti za mashine ya POS, ile ya kukusanyia ushuru, kuanzia Mei, nikaandika makusanyo ya kila siku kwenye safu moja, na pembeni nikapaka penseli ya rangi ya njano siku za mbalamwezi. Tarehe za mwezi mpevu nikaziandika kwa wino: 5 Mei, 4 Juni, 3 Julai, 1 Agosti, 31 Agosti. Ukiitazama karatasi ile kwa mbali, hukuhitaji kusoma namba hata moja. Kila palipokuwa na njano, tarakimu zilikuwa fupi.

Alhamisi tarehe 7 nilifika saa moja na nusu, kabla watu hawajaanza kupanga foleni mlangoni kwake. Niliacha mlango wazi. Alisoma karatasi ile kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akaweka kalamu kwenye mstari mmoja.

"Hii ya tarehe 4 Juni. Mimi nilikuwa sijafika."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na ilishuka vilevile."

"Ilishuka vilevile, Mkuu. Na Mei pia."

Akaegemea kiti. Nilitegemea aombe radhi, nisidanganye. Badala yake aliniuliza swali ambalo hadi leo sijapata jibu lake zuri: "Kwa nini hukuniambia Julai?"

Nilisema nilidhani anajua. Akatikisa kichwa. "Jumatatu nilisimamishwa mbele ya menejimenti nieleze hizi namba. Mkurugenzi ananiuliza, mweka hazina ananitazama, wenzangu wameinamia simu zao. Sikuwa na cha kusema. Nikasema nitachukua hatua. Sasa hatua ningeichukua kwa nani?"

Kwa miezi miwili nilikuwa nimemwona kama mwisho wa njia, mtu ambaye barua zinatoka kwake. Haikunijia kwamba kila Jumatatu kuna chumba anachoingia akiwa yeye ndiye wa kusimama. Kikao cha menejimenti kila wiki, Kamati ya Fedha kila mwezi, Baraza la Madiwani kila robo, na kote huko anaulizwa kuhusu mwalo wangu. Nilikuwa nimemtuma vitani bila hata fimbo.

Barua haikufutwa. Aliandika pembeni "Maelezo yamepokelewa", akasaini, ikarudi masijala, na mpaka sasa ipo kwenye faili langu. Jambo hilo liliniuma kwa muda mrefu, na bado naamini ilistahili kuandikiwa barua nyingine ya kuisawazisha. Nililisema hilo kwake mara moja, kwa heshima. Hakukubali. Nikaamua kwamba siwezi kufanya kazi miaka yote nikisubiri karatasi moja.

Wiki iliyofuata nilimwomba aje mwaloni usiku. Nilichagua Alhamisi tarehe 14, giza likiwa zito kabisa. Alikuja na dereva saa tano usiku, amevaa koti kana kwamba anakwenda kwenye baridi ya Makete. Tulisimama kwenye mchanga. Mbele yetu ziwa lilikuwa limejaa taa, safu baada ya safu, mpaka zile za mbali zikawa kama nyota zilizokaa juu ya maji. Alinyamaza. Kisha akaanza kuzihesabu kwa kidole, akapoteza hesabu, akaanza upya.

"Hizi zote ni zetu?"

"Nyingine ni za wenzetu wa mwalo wa jirani, Mkuu. Lakini nyingi ni zetu."

Alibaki hadi alfajiri. Mitumbwi iliporudi, akina mama wakaingia majini hadi magotini na mabeseni yao, na bei ikaanza kupigwa hapohapo, beseni kwa beseni, kabla hata mtumbwi haujafungwa. Mzee mmoja wa kamati ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, alimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye," naye akajibu kwa Kiswahili, "Salama, mzee," wakacheka wote wawili. Akamuuliza maswali ambayo mimi nisingeyauliza: dagaa wakinyeshewa wakiwa kwenye chanja inakuwaje, nani anabeba hasara, mama akinunua kwa mkopo analipa lini. Mzee akajibu yote. Niligundua kwamba anauliza kama mtu wa mifugo, anatafuta mnyama anaumwa wapi. Kabla ya kupanda gari alichukua dagaa wabichi watatu kwenye kiganja, akawatazama wanavyong'aa, akawarudisha kwenye beseni la mwenyewe.

Tangu siku ile sikuwahi tena kumweleza kwamba mwaloni kuna kazi. Aliijua.

Niliyojifunza baada ya hapo yalikuja polepole, mengine kwa kukosea. Niligundua, kwa mfano, kwamba hapendi kabisa ujumbe wa sauti. Mimi nilikuwa natuma sauti za dakika tatu nikiwa juu ya bodaboda, upepo unavuma, halafu nalalamika kwamba mkuu hajibu. Yeye anasoma. Ukimpa karatasi anakumbuka hata sehemu ya ukurasa ulipoandika. Nikaanza kumpelekea nusu ukurasa kila Ijumaa mchana: tumekusanya kiasi gani, kwa nini, wiki ijayo mategemeo ni yapi, na jambo gani linahitaji uamuzi wake. Ijumaa, kwa sababu Jumatatu asubuhi ndiyo anaulizwa. Ningeipeleka Jumatatu mchana, karatasi hiyohiyo isingekuwa na thamani yoyote.

Hapo kwenye uamuzi ndipo nilipopata faida kubwa. Zamani nilikuwa namwambia, "Mkuu, mashine ya POS ya mwalo wa pili imeharibika." Akawa ananyamaza, nami nikadhani hajali. Kumbe sentensi ile haimpi cha kufanya. Nikaanza kusema, "Mashine imeharibika, ile ya mnadani haitumiki hadi Alhamisi, naomba kibali niichukue siku tatu, dokezo liko tayari." Anasaini akiwa amesimama.

Wenzangu walisema najipendekeza. Na kwa kuwa mimi ni mwanamke na yeye mwanamume, yalisemwa na mengine ambayo sitayaandika. Niliumia. Nilichofanya ni kwamba kila nilipokwenda saa moja na nusu mlango ulibaki wazi, na baada ya muda nikaanza kwenda na afisa mwenzangu wa mifugo ili naye aseme ya kwake. Nikafikiri pia sana juu ya neno hilo, kujipendekeza. Anayejipendekeza humpelekea bosi anachotaka kusikia. Mimi nusu ya karatasi zangu zilikuwa habari mbaya. Sikuona tena sababu ya kujitetea.

Januari 2024 nikakosea kwa namna ambayo nusura iharibu yote.

Mmoja wa wakusanya ushuru, kijana ninayempenda kama mdogo wangu, alikaa na fedha siku nne bila kupeleka benki. Kwetu tunaita kutumia fedha mbichi, na ni kosa kubwa. Mke wake alikuwa amejifungua kwa upasuaji, fedha ikaingia huko. Alinifuata analia. Nikamwambia tafuta, rudisha kabla ya Ijumaa, nami nitanyamaza. Niliona ni utu. Siku ya tatu mweka hazina akaona kwenye mfumo deni la mashine ile, akampigia mkuu wangu akiwa kwenye gari na Mkurugenzi.

Hakufoka safari hii. Aliniita, akaniambia nikae, akauliza, "Ulijua lini?"

"Jumatatu, Mkuu."

"Na leo ni Jumatano. Ijumaa iliyopita uliniletea karatasi nzuri sana. Sasa nitakuwa nazisoma na kujiuliza ni nini hakimo."

Maneno hayo yaliniingia kuliko barua ya Septemba, kwa sababu ya Septemba nilionewa, na haya niliyastahili. Fedha zilirudishwa zote, kijana akaandikiwa onyo, akaendelea na kazi. Baadaye mkuu aliniambia kwamba kama ningekwenda Jumatatu ileile, angemwomba mweka hazina siku tatu na wangemtafutia kijana mkopo wa kikundi cha wafanyakazi. Kunyamaza kwangu kulikuwa kumemfungia mlango huo. Ilinichukua miezi kadhaa kurudisha alichokuwa akinipa kabla: kusaini bila kusoma mara mbili.

Fursa ya kukirudisha ililetwa na ziwa lenyewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Habari zilipoanza kuzungumzwa, watu wengi ofisini walizichukulia kama jambo la wavuvi. Mimi niliketi na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Kufungwa kule kulikuwa kunaukata mwaka wa zamani siku 47 za mwisho na mwaka mpya siku 46 za mwanzo. Maana yake mkuu wangu angefunga hesabu akiwa chini ya makisio, kisha angefungua nyingine akiwa chini ya makisio, na kote angeulizwa yeye.

Niliandika dokezo la ukurasa mmoja na kulipeleka mapema. Nikapendekeza makisio ya robo ya kwanza ya mwaka mpya yapunguzwe, na leseni za vyombo tuzifuatilie Machi na Aprili wavuvi wakiwa bado na kipato. Alikubali la kwanza. La pili alilibadilisha: akataka leseni zifuatiliwe pia Juni na Julai, ziwa likiwa limefungwa.

Sikukubaliana naye. Nilijua Juni mwaloni kutakuwa na watu wanaouza mbuzi wao kununua unga. Nilimwambia hivyo, ofisini kwake, watu wasiwepo, nikampa sababu. Akasikiliza, akasema menejimenti haitaelewa tukikaa miezi mitatu bila kujaribu. Nikamwomba walau tuwape nafasi ya kulipa kidogokidogo. Akasema utaratibu hauruhusu leseni kukatwa vipande. Hapo nikaacha. Nilikwenda mwaloni Juni kama alivyoagiza, nikaongea na watu kwa adabu, nikapata kidogo sana, nikaandika kwenye karatasi ya Ijumaa kiasi nilichopata na majina ya walioahidi kulipa ziwa likifunguliwa. Sikuandika "nilikwambia". Mwanzoni mwa Julai akasema tuache, tusubiri Agosti. Nadhani hadi leo kwamba uamuzi wa Juni ulikuwa na makosa, na nadhani pia kwamba kama ningempinga mbele ya kikao, angeushikilia hadi mwisho.

Kisha nikaona jambo jingine kwenye kalenda. Ziwa likifunguliwa tarehe 16 Agosti, mwezi utakuwa mpevu tarehe 19. Yaani siku zile ambazo kila mtu anangoja fedha zimiminike zinaangukia katikati ya mbalamwezi. Nilipeleka habari hiyo Julai. Mkuu aliitazama tarehe ile, akacheka peke yake, akafungua droo. Karatasi yangu ya njano ya Septemba ilikuwa imelala mle, imekunjwa mara nne. Alikwenda nayo kwenye menejimenti. Aliwaeleza, yeye mtu wa mifugo kutoka nchi kavu, kwamba wasitegemee ushuru wa maana wa dagaa kabla ya wiki ya mwisho ya Agosti, na sababu zake. Mweka hazina ndiye aliyenisimulia. Alisema kikao kilikaa kimya, Mkurugenzi akaandika, wakahamia ajenda nyingine. Hakuna aliyesimamishwa.

Na ilipofika wiki ile ya mwisho, giza lilirudi, nami nikawa sikai chini.

Mkuu alihamishwa mwanzoni mwa 2025. Alipokuwa anaandaa hati ya makabidhiano aliniomba nimwandikie sehemu ya uvuvi. Niliandika kurasa tatu. Akapunguza hadi moja, akaweka tarehe za mwezi mpevu juu kabisa, kabla ya fedha, kabla ya vifaa, kabla ya watumishi. Siku ya kumuaga, mama wa masijala, aliyekuwa anangoja tu siku zake za kustaafu, alimpa kilo mbili za dagaa wa kukaanga kwenye mfuko wa kaki. Mimi nilishindwa kuongea. Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikarudi kwenye kiti changu.

Mkuu mpya alifika Machi. Ni mama wa makamo, mtaalamu wa kilimo, anapenda kuongea kuliko kusoma. Nimeshaligundua hilo, na sasa karatasi yangu ya Ijumaa naipeleka kwa miguu na kuisema kwa mdomo. Siku yake ya pili nilikuwa mlangoni saa moja na nusu nikiwa na tarehe tatu: 14 Machi, 13 Aprili, 12 Mei. Nikamwambia, "Mkuu, hizi ni siku utakazoona ushuru umeshuka. Naomba uzijue kabla hazijafika." Akaniambia anazo, kwenye ukurasa wa makabidhiano, lakini hakuwa ameelewa ni za nini.

Jioni ya Ijumaa tarehe 14 tukashuka pamoja mwaloni. Mvua ilikuwa imekatika tangu mchana. Mwezi ulikuwa umechomoza nyuma ya milima, mzima, na ziwa lote lilikuwa jeupe bila taa hata moja. Mitumbwi ilikuwa imepangwa mchangani. Mzee yule wa BMU alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, wavu mapajani, sindano mkononi. Mkuu akamwamkia, akamuuliza, "Mzee, leo hamwendi?"

Mzee akainua sindano kuelekea juu. "Leo taa ni ile pale, mama. Hatuwezi kushindana nayo."

Mkuu akageuka akatazama. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi yangu, akaikunjua, akaisoma upya kwa mwanga uleule.